Sura Niliyoigandisha kwa Unga

Bahasha ilirudi siku ya Jumatatu kabla sijamaliza kunyoa ndevu. Ndani yake mlikuwa na karatasi ileile niliyoipeleka mwenyewe siku nne nyuma, ikiwa imekunjwa upya na mtu asiyejua kukunja karatasi, na chini ya muhuri wa zahanati palikuwa na mistari miwili ya penseli nene ya fundi: "Shikamoo Mwalimu. Tumeona majibu. Naomba mazungumzo ya vijana yasimame hapo. Tusilaumiane."

Niliisoma nikiwa nimesimama, povu likinikauka shavuni. Juu ya mistari ile, katika kisanduku kilichoandikwa SELIMUNDU, palikuwa na neno moja la wino wa bluu: CHANYA.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyetaka vijana wapimwe selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa ameposwa na mwana wa fundi vioo, na mtu aliyefundisha sayansi miaka thelathini na minne hawezi kumwoza mjukuu wake kwa kubahatisha. Nilimtuma zahanati. Majibu yalipokuja niliyaelewa mara moja: binti huyu, ambaye hajalazwa hospitali hata siku moja, hakuwa mgonjwa bali mbebaji. Alikuwa amepokea kasoro ile kwa mzazi mmoja tu, na kwa mzazi wa pili akapokea damu isiyo na neno. Nikaitia karatasi katika bahasha nikaipeleka upande wa pili kwa uaminifu, nikasubiri na wao walete yao. Sikuandika maelezo yoyote. Nilidhani kila mtu anajua nijuacho mimi, na hilo ndilo kosa la walimu wote.

"Babu, una povu," mjukuu wangu alisema mlangoni.

"Wamesimamisha."

"Najua. Mwenzangu alinipigia jana. Baba yake anasema mimi ni mgonjwa, nitazaa watoto wa kuzika." Aliyasema hayo huku ameinama akifunga kamba za viatu vya kazini. Yupo idara ya maji. Huchota maji ya visima katika vichupa na kuyapima. "Mimi nikiandika kwamba kisima kina chumvi, watu hawakifukii, Babu. Wanauliza chumvi kiasi gani. Sasa nani atauliza mimi nina kiasi gani?"

"Mimi."

"Basi futa povu kwanza. Utawatisha."

Nilifika zahanati saa mbili na nusu, nikapewa kibao cha bati chenye namba hamsini na tatu, nikakaa kwenye benchi lililopoteza ubao mmoja katikati, hata kila aliyekaa pale alikaa kwa upande mmoja. Saa sita kasorobo nikafika dirishani. Mpimaji alikuwa kijana wa kiume mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja iliyoandika.

"Karatasi hii imekosewa," nilimwambia.

Aliitazama. "Haijakosewa, mzee. Chanya. Imetoka chanya."

"Mjukuu wangu si mgonjwa. Ni mbebaji."

"Inawezekana kabisa."

"Kwa nini basi hukuandika hivyo?"

"Kipimo chetu cha haraka hakijui tofauti, mzee wangu. Tunatia damu kwenye dawa. Ikichafuka kama maji ya mchele, chanya. Aliye na nusu inachafuka, aliye na yote inachafuka. Kutofautisha ni kile cha umeme, kipo hospitali kuu."

"Na wewe unajua hayo yote?"

"Najua. Nimesomea."

"Ungeandika basi: 'kipimo hiki hakitofautishi.' Maneno matatu."

Alinigeuzia fomu nione. Palikuwa na visanduku viwili, chanya na hasi, kisha mstari wa sahihi. "Wapi, mzee? Sisi tunajaza visanduku."

"Na ukweli?"

"Ukweli haujaletewa kisanduku." Nyuma yangu mama mmoja mwenye namba hamsini na nne alicheka kwa sauti, kisha akaniomba nisogee kama nimemaliza kufundisha.

Sikuwa nimemaliza. Niliandika barua kwa mganga mkuu wa zahanati, nakala mbili, nikieleza kwamba fomu yenye visanduku viwili haiwezi kusema habari yenye majibu matatu. Barua ilijibiwa kwa barua iliyosema barua yangu imepokelewa. Damu ya mjukuu wangu ilipelekwa hospitali kuu, ikarudi habari kwamba mashine haina dawa, ikapelekwa tena, ikarudi habari kwamba kichupa hakikubandikwa jina. Mara ya tatu mjukuu wangu alikwenda mwenyewe, akabandika jina kwa mkono wake kama anavyobandika vichupa vyake vya maji, akasimama pale mpaka kikaingizwa. Wiki ya tano tukapata karatasi iliyoandikwa kama inavyostahili: mbebaji, si mgonjwa.

Nikavaa koti, nikaenda kwa fundi vioo.

Karakana yake ipo mwisho wa mtaa wa mafundi, baada ya wachomelea vyuma. Vioo vimesimamishwa ukutani kama vitabu katika kabati, kila kimoja kimetenganishwa na mwenzake kwa gazeti. Yeye mwenyewe alikuwa ameinama juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, akiburuta kikatio chenye gurudumu dogo juu ya kioo. Kilitoa sauti nyembamba kama mtu anayerarua hariri. Kisha akakigonga kidogo kwa chini, kioo kikaachana katikati bila ubishi. Nilimfundisha mtu huyu madarasa mawili. Alikaa dawati la tatu, upande wa dirisha, na aliacha shule mwaka mmoja kabla ya mtihani wa mwisho bila kuniaga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimeleta karatasi ya pili."

"Ya kwanza ilitosha."

"Ya kwanza haikusema kitu. Soma."

Alijifuta mikono, akaisoma polepole, midomo ikimtembea. Mwanawe, mchumba wa mjukuu wangu, alikuwa nyuma akipaka rangi fremu ya picha, akaacha kupaka.

"Mbebaji," fundi alisema. "Anabeba nini? Si anabeba ugonjwa?"

"Anabeba nusu. Nusu hiyo haimdhuru. Mtoto huugua pale tu anapopokea kasoro kwa baba na kwa mama pia. Kwa hiyo suala si mjukuu wangu peke yake. Mwanao naye apimwe."

"Kwetu hakuna kitu hicho."

"Umejuaje?"

"Mwalimu, usinilazimishe."

"Nakuuliza kama mtu mzima. Umejuaje?"

Hapo akageuka, akaingia nyuma ya pazia la gunia, nikasikia sanduku la bati likivutwa. Alirudi na vitu viwili, akaviweka juu ya blanketi mbele yangu. Kimoja kilikuwa daftari la mazoezi lenye jalada la kahawia. Cha pili kilikuwa kitabu cha sayansi cha kidato cha tatu, kikiwa bado na muhuri wa shule ya misheni.

"Kitabu hiki ni mali ya shule," nilisema. Maneno yalinitoka yenyewe.

"Miaka arobaini, Mwalimu, na bado unakidai? Soma daftari kwanza."

Alilifungua mahali alipopajua bila kutafuta. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kulala kidogo kulia, kama nilivyowafundisha. Chini ya kichwa cha habari kilichopigiwa mstari kwa rula palikuwa na sentensi hii: *Ugonjwa wa kurithi ni kasoro ya damu ya ukoo. Ukoo wenye kasoro hujulikana kwa vizazi vyake, na mwenye busara huuepuka.* Pembeni yake palikuwa na alama ya vema ya wino mwekundu, na maksi tisa kwa kumi. Wino ulikuwa wangu. Sentensi ilikuwa yangu. Niliiandika ubaoni mwenyewe, nikawaambia wainakili neno kwa neno.

"Nilikuwa na wadogo zangu wawili," fundi alisema. Sauti yake ilishuka, mwanawe akasogea kumsikia. "Walikuwa wanavimba vidole vya mikono na miguu wakiwa wachanga, vidole vinene kama vya mtu mzima. Macho ya njano. Wanalia mifupa. Mmoja alikufa ana miaka miwili, mwingine minne. Nyumbani walisema tumelogwa. Mimi nikaja darasani, ukaandika hivyo ubaoni, nikajua unanisema mimi. Kila mtu alipoinama kuandika niliona kama wananitazama."

"Sikujua habari zako."

"Ningekwambiaje? Baada ya sentensi hiyo?"

"Baba," kijana alisema, "hukuwahi kutuambia kwamba ulikuwa na wadogo."

"Sasa nimekuambia. Rudi kwenye rangi, inakauka." Kijana hakurudi.

Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa na hasira ya mtu aliye na haki, na hasira ya namna hiyo ni mzigo mwepesi. Sasa ilinigeukia mkononi, na sikujua pa kuiweka. Nilikivuta kitabu. Nilijua nitakachokikuta. Sura ya kumi na nne ilikuwa imegandishwa, karatasi zake zote, zikawa ubao mmoja mgumu.

Lazima nieleze jambo hili, kwa maana waliosoma shule nyingine hawatalijua. Mkuu wa shule yetu, padri mwenye haki na mkali, aliiona sura ile inayoeleza jinsi viumbe vinavyobadilika polepole kwa vizazi vingi, vile vinavyofaa mazingira vikizidi kuzaana, akaona haifai kwa vijana. Hakutaka kuichana, kwa sababu kitabu ni mali. Akaagiza igandishwe. Kila Januari vitabu vipya vilipofika, mwalimu wa sayansi alichemsha unga wa ngano katika sufuria ya jikoni la bweni, akapaka kwa brashi pembezoni mwa kila karatasi, akaviweka vitabu chini ya mawe mpaka vikauke. Kwa miaka kumi na mmoja mwalimu huyo alikuwa mimi. Padri aliondoka, amri ikaondoka naye, na mimi niliendelea miaka mitatu zaidi kwa mazoea. Kabla ya kuigandisha mara ya kwanza niliisoma. Nilijua kilichomo. Habari ya kurithi ilikuwa katika sura ya kumi na tatu. Sababu yake ilikuwa katika ya kumi na nne. Niliwapa wanafunzi wangu hukumu nikafunga ushahidi kwa uji wa ngano.

"Una kisu chembamba?" nilimwuliza.

"Unataka kufanya nini?"

"Kufundisha. Nimechelewa."

Alinipa kisu cha kukwangulia rangi iliyogandia kwenye kioo. Mikono yangu si imara siku hizi. Karatasi ya kwanza ilichanika. Akaninyang'anya kisu kwa adabu, akafanya yeye, taratibu, kama anayetoa kioo kizima katika fremu iliyooza. Unga wa kale ulidondoka kwenye blanketi. Karatasi moja, ya pili, ya tatu. Tukafika mbili zilizokataa kabisa kuachana.

"Hizi zitaharibika," alisema.

Nilitazama namba za kurasa nikakumbuka. "Usizitenganishe. Zikate zote mbili pamoja, uzibandike kwenye kioo pale dirishani."

"Nichane mali ya shule?"

"Chana."

Mwanawe akashika kipande cha kioo kisafi, akakisimamisha kwenye mwanga wa mchana, na fundi akaziweka karatasi zile mbili juu yake. Mwanga ukapita. Katika karatasi ya mbele palikuwa na ramani ya bara, na sehemu zilizopigwa mistari ya wima. Katika ya nyuma, mahali palepale, palikuwa na ramani ya bara hilohilo, yenye mistari ya ulalo. Wachapaji waliziweka katika kurasa mbili tofauti. Unga wangu ulizilaza moja juu ya nyingine. Mistari ya wima na ya ulalo ilikutana ikafanya kitambaa kimoja cha miraba, karibu kila mahali.

"Hii ya wima ni nini?" kijana aliuliza.

"Mahali malaria ilikoua watu wengi tangu zamani. Na ya ulalo ni mahali waliko wabebaji wa selimundu."

Wachomelea vyuma jirani waligonga kitu, wakaacha.

"Zinafuatana," fundi alisema.

"Zinafuatana, na si katika watu wa asili moja wala lugha moja. Popote mbu alipokaa vizazi na vizazi, mbebaji yupo. Mtoto mwenye nusu ya kasoro malaria humpata, lakini haimmalizi upesi kama wenzake. Akapona, akakua, akazaa. Asiye nayo kabisa alizikwa na malaria. Mwenye nayo yote alizikwa na selimundu. Wa katikati akabaki kuwa babu yetu. Ndiyo sababu kasoro hii haijaisha. Iliwalipa waliobaki. Si laana, wala si ukoo mchafu."

Fundi aliinama karibu na kioo, pumzi yake ikafanya ukungu juu yake. "Mimi sikuwahi kulazwa kwa malaria," alisema. "Hata utotoni. Mama alikuwa akisema mbu wananiogopa." Kisha nikaona amefika mwenyewe mahali ambapo sikutaka kumfikisha kwa mkono. "Basi mimi ninayo."

"Huenda."

"Na huyu?" Alimwonyesha mwanawe kwa kidevu.

"Ndiyo maana nasema apimwe."

Kabla sijaondoka alinisukumia daftari. "Na hii, Mwalimu?"

Nilitoa kalamu yangu nyekundu, maana bado natembea nayo. Nilikata sentensi kwa mstari mmoja ulionyooka, nikafuta vema, na penye tisa nikaandika sifuri.

"Lo! Unanipunguzia maksi nikiwa na mvi?"

"Si zako. Ni zangu." Nikatia sahihi.

Walikwenda kupimwa wote wawili, baba na mwana, hospitali kuu moja kwa moja, na mjukuu wangu alikwenda nao kubandika majina. Siku kumi na saba baadaye walikuja nyumbani kwangu. Sebule yangu ina viti vinne, vyote vilijaa. Kijana aliweka karatasi mbili mezani, mbele yangu, kama mtu anayekusanya kazi. Baba: mbebaji. Mwana: mbebaji.

Nilizisoma mara mbili. Mbebaji kwa mbebaji: kila mimba, bahati moja katika nne ya mtoto mgonjwa. Hesabu hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi kwa chaki, kwa herufi kubwa na ndogo, bila hata kupepesa jicho. Nikamwangalia mjukuu wangu, mikono yake juu ya magoti.

"Basi mazungumzo na yasimame," nilisema. "Kwa damu ya namna hiyo, mwenye busara huepuka."

Kisha fundi vioo akaingiza mkono ndani ya koti lake, akatoa lile daftari la kahawia, akalifungua palepale, akaliweka juu ya karatasi za hospitali. Mstari wangu mwekundu ulikuwa bado unang'aa.

"Mkuki kwa nguruwe, Mwalimu," alisema kwa upole. Hakuimaliza methali. Haikuhitaji kumaliziwa.

Nilitaka kueleza kwamba hili ni tofauti, kwamba sasa ni hesabu na si kashfa, na nadhani kulikuwa na ukweli ndani yake; lakini sentensi ilikuwa ileile, neno kwa neno, na sahihi iliyoikata ilikuwa yangu.

"Babu," mjukuu wangu alisema, "moja katika nne naijua. Ulinifundisha nikiwa darasa la sita, kwa maharagwe. Hatujaamua. Tumemwuliza daktari wa pale: mtoto akipimwa wiki ya kwanza na kuanzishiwa dawa mapema, wengi wanakua. Si wote. Amesema tena tunaweza tusizae, tulee. Tumeandika maswali mengine kumi na moja, tunarudi Alhamisi." Alizikusanya karatasi, akazipanga pembe kwa pembe, kama nilivyomzoesha. "Posa haijasimama, na ndoa hatujaipangia siku. Tunachosubiri ni majibu, si ruhusa."

"Na mimi nifanye nini?" Swali lilitoka kwa ukali nisioukusudia.

"Umeshafanya, Babu. Umetupeleka kupimwa."

Mjukuu wangu na kijana walitoka kwenda kuongea uani, wao wawili. Kupitia dirisha nilimwona akimwonyesha kijana kitu kwenye karatasi kwa kidole, kijana akitikisa kichwa kukataa, yeye akisisitiza. Sikusikia hata neno moja. Fundi vioo alikuwa anakagua dirisha langu.

"Kioo hiki kina ufa," alisema.

"Una miaka sita."

"Nitakuja kesho kukibadilisha. Huoni vizuri hapo."

Nilimwambia aje saa mbili kamili, asichelewe. Kisha nilichukua daftari lake nikaitazama ile sifuri, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ualimu niliona maksi niliyoitoa ilikuwa kubwa mno.